Alama Mbili za Mkaa

Same, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Honorata,

Marahaba. Najitangulizia mwenyewe, maana salamu zako huwa hazitoki mpaka zivutwe kwa kamba. Barua hii nimempa Swalehe, yule wa pikapu anayeteremsha tangawizi zenu. Ungekuwa na laini yako ningekupigia, lakini kwa simu ya baba siwezi kusema neno. Akipokea tu anaweka sauti ya juu, na Mhezi nzima inajua nimekula nini.

Sasa sikia. Nimekuwa mwanamitindo. Cheka kwanza, ukimaliza uendelee kusoma.

Ilikuwa hivi. Dada mmoja wa Arusha, anaitwa Husna, alikuja hapa dukani kwa mama Shamsa kuchukua vitenge. Akanikuta nimepanda kwenye stuli nashusha jora. Badala ya kuangalia kitambaa akaniangalia mimi, akaniuliza nguo zangu nanunua wapi. Nikamwambia ukweli: nyingine duka la watoto, nyingine za watu wazima nazikata pindo mpaka maua yote ya chini yanakwenda na mkasi. Akatoa tepu ya fundi mkobani akanipima pale pale mbele ya wateja. Sentimita mia moja arobaini na nane. Honorata, ni mara ya kwanza mtu ananipima kimo halafu anafurahi.

Kampuni yake inashona nguo za wanawake wafupi. Walimu, manesi, wamama wa maofisini waliochoka kuvaa gauni ambalo kiuno chake kinawaangukia makalioni. Anataka mtu wa kuzivaa apigwe picha. Visigino virefu amevikataza kabisa, anasema mteja anataka kuona gauni linavyomkaa mtu mwenye kandambili. Tumeshapiga picha mara mbili nyuma ya duka, na mara ya tatu Arusha, kwenye mataa ya studio mpaka jasho likanitoka. Nikifanya vizuri hadi mwezi wa nane ananipa mkataba wa miaka miwili. Mimi huyu, niliyekuwa nasimamishwa mstari wa mbele kila picha ya shule ili nisizibwe na watu.

Nakutumia gauni moja la kijani. Najua wewe twiga halikufiki hata magotini, lakini mama hakosi la kulifanyia.

Ukijibu, kwenye bahasha andika Honorata Eliezeri. Hapa mjini hakuna anayelijua lile jina jingine.

Dada yako,
Blandina


Mhezi, 2 Machi 2025

Dada Blandina, shikamoo.

Kwenye bahasha nimeandika jina langu, kwenda kwako, kama ulivyoagiza. Swalehe alidhani najiandikia mwenyewe.

Gauni limefika. Mama amelikunja akaliweka juu ya kabati. Kalenda ya kampuni nayo imefika, Swalehe aliileta wiki iliyofuata. Uko mwezi wa tano, umevaa njano. Umependeza, sitakudanganya. Chini wameandika Honorata E. Katekista alipoisoma aliniangalia mimi, akaiangalia picha, kisha akaikunja na kuomba maji ya kunywa. Yeye alikuwepo nilipobatizwa.

Nikupe na ya huku. Lile shamba la juu ya bwawa la ndiva lililokuwa limemezwa na magugu nimelilima mimi peke yangu, huu mwaka wa tatu, na maji yangu ya zamu nayachota kwenye mfereji kabla jogoo hajawika. Tangawizi yake ndiyo bora upande wote huu. Lakini inauzwa kwa jina la baba. Mimi kwenye mzani naandikwa "mtoto wa Eliezeri." Sasa chama cha wakulima kimefungua daftari jipya la wanachama. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe thelathini na moja Agosti, na kila mtu aje na namba ya kitambulisho cha taifa. Mimi Oktoba nilitimiza miaka kumi na minane, umri umefika. Nataka jina langu kwenye lile daftari. Sitaki kingine.

Kwa hiyo naomba unirudishie cheti changu cha kuzaliwa. Miaka tisa umekaa nacho. Baba alisema ni mwaka mmoja tu, mpaka upate nafasi shuleni kule bondeni.

Mdogo wako,
Honorata


Same, 10 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba sana. Cheti kipo Arusha kwa dada Husna, alikihitaji kwa mambo ya kampuni. Akikirudisha tu nitampa Swalehe. Usiwe na haraka, Agosti bado mbali.

Tangawizi yako nimeionja kwenye chai ya mama Shamsa. Kali kama wewe.

Blandina


Mhezi, 30 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Sikukuaga nilipoondoka Same, maana hukujua kama nilikuja.

Jumatano nilishuka na Swalehe. Nilikuwa na barua ya mtendaji na kitambulisho cha baba, nikasema nijaribu hivyo hivyo bila cheti. Nikapanga foleni ofisi ya vitambulisho tangu asubuhi. Kijana wa pale, mpole tu, akaandika jina langu, la baba, la mama, tarehe na kijiji. Kisha akaacha kuandika. Akageuza kompyuta nione. Ulikuwa wewe, umechana nywele vizuri, umevaa blauzi ya mikono mifupi.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikasema ni dada yangu.

"Na wewe ni nani?"

Dada, nilisimama pale na urefu wangu wote, barua ya mtendaji mkononi. Akaniambia nirudi na wazazi wote wawili pamoja na huyo wa kwenye picha. Ndipo nilipoelewa kwa nini hata kusajili laini ya simu sitaweza, si leo wala kesho. Mimi tayari nipo, na si mimi.

Kabla hajafunga nilimuuliza picha ilipigwa lini. Oktoba mwaka jana. Mambo ya 2016 nilikuwa namlaumu baba. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, uliambiwa nenda ukaenda. Lakini Oktoba ulikuwa na ishirini na miwili, na hakuna aliyekushika mkono kukiweka kidole chako kwenye ile mashine. Hiyo ni yako mwenyewe.

Nilipita mbele ya duka. Ulikuwa ndani unacheka na mteja. Mama Shamsa alikuita kwa jina langu, na mimi huku barabarani nikageuka. Sikuingia.

Honorata


Same, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Nimelia. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia ujue tu.

Cheti hakijawahi kwenda Arusha. Kipo chini ya godoro langu. Nilipotimiza miaka kumi na minane ya kwenye karatasi, mama Shamsa alisema bila kitambulisho hawezi kuendelea kuniweka dukani. Vyeti vyangu vyote vya shule vina jina lako, Honorata. Ningefanya nini? Ningemwambia nani kwamba aliyefaulu kidato cha nne ni mtu ambaye hakukaa darasani?

Nakusihi usiende tena ofisini na wazazi. Ukienda, kazi yangu imekwisha kabla haijaanza. Husna anawaleta wakubwa zake mwezi huu kuniona navyotembea na nguo. Nimefanya mazoezi chumbani mpaka mwenye nyumba amegonga ukuta. Nimejua kusimama mabega yakae sawa, nimejua kuweka mkono kiunoni bila kuficha mshono. Hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho mwili huu umenipa.

Sikiliza wazo langu usikasirike. Kwenye sanduku la baba kuna cheti changu mimi. Blandina Eliezeri, amezaliwa tarehe tatu Juni 2002. Hakijaguswa na mtu. Kichukue wewe. Mwili unao, shamba limekukomaza, hakuna atakayebisha kwamba una miaka ishirini na zaidi. Watu wa vitambulisho wakija huko kwenye kata, nenda na baba akushuhudie. Utapata namba, utaingia kwenye chama chako, mambo yameisha. Kwa karatasi utakuwa mkubwa wangu, na mimi nitakuamkia shikamoo mpaka uchoke.

Jina ni la kuitwa tu, mdogo wangu. Wewe wa nyumbani utabaki kuwa wewe.

Blandina


Mhezi, 15 Juni 2025

Dada, shikamoo.

Mvua ilikata barabara. Wiki sita Swalehe hakupanda, tukawa tunashinda kwenye msaragambo kijiji kizima tukifukua udongo uliomeza njia. Kwa hiyo barua yako imechelewa kufika, na nimekuwa na muda wa kuifikiria nikiwa na jembe mkononi.

Unaukumbuka mwimo wa mlango wa jikoni? Zile alama mbili za mkaa bado zipo, mama hajazifuta. Matokeo yako ya darasa la saba yalikuwa yametoka, umefeli, na baba hakula siku mbili. Akatusimamisha pale, wewe kwanza, halafu mimi. Mimi wa miaka tisa nilikupita vidole vitatu. Baba akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayechagua mbuzi wa kuuza na wa kubakiza: "Huyu mfupi arudi shule, hawatamjua. Huyu mrefu anaweza kubeba."

Nikabeba. Mbolea, kuni, maji, mikungu ya ndizi. Wewe ukashuka Kisiwani kwa shangazi na uhamisho wangu, cheti changu, na viatu vyangu vipya vya kuingilia darasa la nne. Vilikutosha.

Leo ufupi ule ule unapigiwa picha. Sikuonei wivu wa picha, Mungu ananiona. Nakuonea wivu wa darasa la nne. Kusoma kwangu mpaka leo ni kwa madaftari yako ya zamani uliyoyaacha darini, na mwandiko huu unaouona niliunakili kutoka kwako. Halafu unaniambia nichukue jina la mtu aliyefeli mtihani. Mimi sijafeli mtihani wowote, dada. Sikupewa.

Hata hivyo baba ananibana kila tukikaa kula makande. Anasema nikienda kusema kweli ofisini ataitwa yeye, na yeye ni mzee wa kigango. Mama ananiangalia tu. Daftari la chama linafungwa mwisho wa Agosti, na watu wa vitambulisho watakuja kwenye kata yetu Alhamisi tarehe saba Agosti, siku moja tu.

Nimekubali. Nitakuwa Blandina. Kama kuna kufurahi hapo, furahi wewe.

Honorata


Same, 4 Agosti 2025

Honorata, mdogo wangu,

Usijiandikishe. Nimeanza na hilo ili hata ukisoma mstari mmoja tu uwe umelipata. Alhamisi usiende kwenye kata.

Leo asubuhi Husna ameniletea mkataba. Kurasa saba. Nilikuwa nimeshika kalamu. Akaniambia nisome ukurasa wa pili kwanza. Wameandika mwanamitindo awe na miaka ishirini na moja kwenda juu, kwa kitambulisho. Ni jambo jipya, wateja wamelalamika mtandaoni kwamba nguo za wamama zinavaliwa na mtoto. Husna mwenyewe alikuwa na huzuni. Akasema: "Wanawake wafupi wamechoka kufananishwa na watoto. Laiti ungekuwa na ishirini na tatu."

Nilikaa mbele yake na miaka yangu ishirini na tatu, nikaweka kalamu chini. Kwa karatasi nina kumi na minane. Miaka yote niliyojificha nyuma ya umri wako, nilikuwa najifungia mlango mwenyewe.

Nimeamua kusema kweli. Nitamwambia Husna, nitamwambia mama Shamsa, tutakwenda ofisini wote wanne, sisi wawili na wazazi, na baba akitaka kukasirika akasirike. Mimi niwe Blandina, wewe uwe Honorata, kila kitu chako ukipate. Husna amekubali kuningoja mpaka mwisho wa Septemba, nimemwambia kuna kosa la tarehe. Lakini lazima jina la Blandina likutwe halina mtu. Wewe ukishaweka kidole pale hatutakuwa na la kueleza, tutaonekana matapeli wawili.

Najua daftari la chama litafungwa kabla haya hayajaisha. Litafunguliwa tena mwakani. Nisubiri, nakuomba. Ni mwaka mmoja tu.

Swalehe anapanda kesho. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, akukabidhi wewe mkononi.

Dada yako,
Blandina


Same, 25 Agosti 2025

Shikamoo.

Nimekuamkia, umeona. Niliahidi kwa mzaha na sasa si mzaha.

Baba alinipigia juzi akiwa na furaha, anasema Blandina amepata namba. Nilikata simu. Nikamtafuta Swalehe stendi nikamuuliza barua yangu aliifikisha lini. Anasema pikapu iliharibika njiani, akalala huko, hakumbuki vizuri ni siku gani. Basi nimejua ni hivyo. Ilikufikia umeshatoka kwenye kata. Siwezi kukulaumu kwa gari bovu.

Lakini bado tuna wiki tano. Twende pamoja, uwaambie ulikosea, mimi nitasema kosa lote ni langu. Nitapiga magoti kwa baba. Husna hajapata jibu langu, na Jumamosi alimpima binti mwingine hapa hapa dukani, kwa tepu ile ile. Sentimita mia moja na hamsini. Mwalimu wa chekechea, ana miaka ishirini na sita. Nilimshikia mkoba wake wakati anapimwa.

Nimerudi kwenye majora. Mama Shamsa anasema nina bahati bado nina stuli ya kupandia.

Niandikie. Hata kama hutakuja, niandikie tu kwamba barua ilichelewa.

Blandina


Mhezi, 7 Septemba 2025

Marahaba.

Tarehe ishirini Agosti niliandikwa kwenye daftari la chama. Laini ya simu pia ninayo, ya kwanza maishani. Ningeweza kukupigia, lakini hili nimeona nilimalize kwa njia tuliyoanzia.

Wiki iliyopita tangawizi ya juu ya ndiva ilipimwa, na karani akaniuliza jina. Nikamtajia. Akaandika Blandina Eliezeri, akanigeuzia daftari nitie sahihi. Nilikuwa nimeingoja siku ile miaka mitatu, nikangoja na furaha nayo ije. Haikuja. Lile jina ni la msichana aliyekuwa analala nami kitanda kimoja, akinisukumia miguu ya baridi. Langu liko Same linashusha vitenge. Nikatia sahihi.

Siku ile kwenye kata, baba alisimama mbele ya meza amevaa koti lake la kanisani. Yule mama wa mashine akamuuliza mimi ni nani wake. Akajibu, "Huyu ni Blandina, mtoto wangu wa kwanza." Hakupepesa macho. Wala mimi sikupepesa. Mama alikuwa amebaki nje, hakutaka kusikia.

Sasa lile ulilouliza. Pikapu ya Swalehe haikuharibika. Mimi ndiye niliyemwomba akuambie hivyo, kwa sababu niliona haya. Haya yenyewe nayo imekwisha, kwa hiyo bora ujue. Barua yako niliipata Jumanne tarehe tano, alasiri, nikiwa shambani na matope mikononi. Nikanawa kwenye mfereji ndipo nikaifungua. Niliisoma mara nne. Nilijua kwamba nikikusubiri huenda ningerudishiwa langu, na wewe ukapata mkataba wako, na sote tukawa watu. Mara zote nne nilifika pale ulipoandika kwamba ni mwaka mmoja tu, na mara zote nne nilimsikia baba akisema hivyo hivyo pale mlangoni mwa jikoni.

Alhamisi nikaenda.

Usije kunitafuta ofisini, nitasema mimi ni Blandina, na karatasi zitanikubalia. Cheti kilicho chini ya godoro lako kitunze, hapa nyumbani hakina mwenyewe tena. Lile gauni la kijani mama amelifumua, amelifanya pazia la dirisha la jikoni. Limetosha.

Dada yako mkubwa,
Blandina Eliezeri